Chungwa la kijani na kalamu nyekundu ya mwalimu

Katika maisha ya ualimu kuna makosa ambayo mkaguzi wa shule hawezi kuyaona hata akikaa nyuma ya darasa juma zima. Kosa langu mimi nililitenda kwa kalamu nyekundu mnamo mwaka wa 1991, katika shule moja ya msingi iliyoko upande wa milima ya Shimba, Kwale. Kila majira ya machungwa yanapoingia sokoni kosa hilo hunirudia, nami nimeona afadhali nilieleze hapa mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kuliko kuendelea kulibeba peke yangu.

Nilikuwa nikifundisha darasa la pili, na somo la siku hiyo lilikuwa rangi. Kitabu tulichokitumia kilikuwa na ukurasa wa michoro ya matunda: ndizi, nyanya, embe, zambarau na chungwa. Kazi ya mtoto ilikuwa kupaka kila tunda rangi yake. Kalamu za rangi zilikuwa chache, watoto wanne wakigawana pakiti moja, kwa hivyo kazi ilikwenda polepole na kwa ugomvi mwingi. Nilipoanza kusahihisha nikakuta mtoto mmoja wa kiume, mdogo kwa umbo na mwingi wa haya, amelipaka chungwa lake rangi ya kijani. Upande mmoja wa tunda alikuwa ametia doa la manjano, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba jua lilikuwa limeligusa pale. Nikachora mkwaju mwekundu kuanzia pembe moja hadi nyingine. Pembeni nikaandika: "Chungwa ni rangi ya machungwa."

Sentensi hiyo niliiona wakati huo kuwa hoja isiyopingika. Leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Asubuhi ya pili, kabla ya kengele, alinijia bibi mmoja mkongwe, leso moja kiunoni na nyingine begani, mjukuu wake akijificha nyuma yake.

"Shikamoo, nyanya," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Huyu mjukuu wangu hajala tangu jana. Asema mwalimu kamwambia machungwa yetu ni makosa."

Nikaanza kumweleza habari za kitabu. Yeye hakunijibu. Alifungua pindo la leso akatoa machungwa mawili, akaomba kisu, akalimenya moja kwa namna ile ya Pwani: ganda la juu likatoka kama utepe mmoja mrefu usiokatika, ukabaki ule weupe wa ndani. Akakata kifuniko kidogo kwa juu, akanipa. "Onja, mwanangu."

Nikalifyonza. Lilikuwa tamu kupita kiasi, na ganda lililoanguka chini lilikuwa la kijani kama jani la mwembe.

"Hili limeiva au halijaiva?"

"Limeiva, nyanya."

"Basi ni rangi gani?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Badala yake nilimjibu kwamba kitabu kimeandikwa na wataalamu, na kwamba mtihani utatoka kitabuni. Hakukasirika. Alinitazama kwa namna ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, akafunga chungwa la pili katika leso yake, akasema, "Haya, mwalimu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Sikuufuta mkwaju ule. Nilichelea kwamba watoto 50 wakiona mwalimu amejikosoa kwa sababu ya bibi wa kijijini, heshima yangu itakwisha. Muhula ulipomalizika tukawapa watoto mtihani. Mtoto yule alilipaka chungwa rangi ya moto inayong'aa, sawasawa na ya kitabuni, bila doa la manjano, bila upande uliopigwa na jua. Nikampa alama zote. Ile alama ya vyema ndiyo inayoniuma kuliko mkwaju.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu tunda hili, na kwanza nilitaka kujua ni nani aliyekuwa na haki, bibi au kitabu. Ganda la chungwa changa limejaa klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo katika majani. Chini yake mna rangi nyingine, za jamii ya karotini, ambazo hufichika maadamu kijani kingalipo. Kinachokiondoa kijani hasa ni baridi ya usiku. Katika nchi kama Hispania, au jimbo la California huko Marekani, machungwa mengi hukomaa wakati majira ya baridi yanapoingia. Usiku hupoa, klorofili ikavunjika, na ile rangi iliyofichika ikajitokeza. Kwetu Pwani usiku haupoi kiasi hicho. Tunda hujaa maji, ukali hupungua, sukari huongezeka, na ganda likabaki kijani au likageuka manjano kidogo. Aidha, lipo chungwa liitwalo Valencia ambalo hata huko ughaibuni, likiachwa mtini hadi joto lirudi, hugeuka tena kuwa kijani hali limeiva na linazidi kuwa tamu. Rangi ya ganda basi hutueleza habari za hali ya hewa zaidi ya habari za utamu.

Wafanyabiashara wakubwa wa matunda wanalijua jambo hili vizuri zaidi kuliko nilivyolijua mimi na kitabu changu. Machungwa yaliyoiva yakiwa kijani hutiwa katika chumba chenye gesi ya ethilini kwa muda wa siku chache, kijani kikatoweka. Gesi hiyo haiongezi sukari hata chembe. Huko Marekani sheria iliruhusu tangu mwaka wa 1956 hata ganda la machungwa fulani lipakwe rangi ya viwandani ili mnunuzi aridhike. Na hapa wanafunzi wasichanganye mambo. Ndizi na embe huvumbikwa, zikaiva zikiwa tayari zimekatwa, kwa kuwa ndani yake mna wanga unaoweza kugeuka sukari. Chungwa halina akiba hiyo. Likichumwa kali litabaki kali, ulivumbike majuma mangapi.

Lakini kuna jambo la lugha ambalo limenishughulisha zaidi, na walimu wa Kiswahili watanivumilia. Vivumishi vya asili vya rangi katika lugha yetu ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu tunavyoviona: kijani kwa jani, kijivu kwa majivu, manjano kwa kile kiungo cha mchuzi, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lenyewe. Hii ni njia nzuri ya kuzitaja rangi, kwa maana inamtaka msemaji awe ameitazama dunia. Mtu aliyesema kijivu alikuwa ameliona jiko asubuhi. Je, aliyesema kwanza "rangi ya machungwa" alikuwa amelitazama chungwa gani? Nashuku sana kwamba hakulitazama la Kwale wala la Muheza, bali alilitazama neno la Kiingereza.

Waingereza wenyewe hawakuwa na neno hilo hadi karne ya 16. Kabla ya hapo rangi ile waliiita njano-nyekundu tu. Jina la tunda liliwafikia kwa safari ndefu: kutoka Sanskriti, likapita Uajemi, likaingia kwa Waarabu kama naranj, likavuka hadi Hispania na Ufaransa. Tunda lenyewe asili yake ni upande wa kusini mwa China na nchi jirani, na wanasayansi waliochunguza chembe zake za urithi wamethibitisha kwamba ni mtoto wa mchanganyiko wa furungu na chenza. Kila taifa limelipa jina la mahali lilikodhani limetoka. Waholanzi huliita tufaha la China. Waarabu wa leo huliita burtuqal, yaani la Ureno, kwa kuwa Wareno ndio waliolitawanya lile tamu katika nchi za Bahari ya Kati. Mswahili hakulitaja taifa lolote. Ameyaita kila moja kwa jina lake: chungwa, danzi, chenza, balungi, furungu, limau, ndimu. Watu walioona tofauti zote hizo hawakuwa na upungufu wa macho.

Na walikuwa nayo matunda haya zamani. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331 alikuta miti ya ndizi na ya jamii ya malimau. Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji huo alimpelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmojawapo wa wasafiri, inayataja hayo waziwazi. Haitaji rangi ya machungwa yale. Wenye njaa hawaulizi.

Inafaa wanafunzi waisome habari hiyo hadi mwisho wake, kwa kuwa mwisho wake unatisha. Wakati wa kurudi kutoka Bara Hindi, Wareno hao walihangaika baharini karibu miezi mitatu. Ufizi uliwavimba hadi ukafunika meno, miguu ikavimba, na watu 30 wakafa. Ugonjwa huo sisi huuita kiseyeye. Walipofika Malindi mwezi wa Januari, mwaka wa 1499, kamanda alimtuma mtu pwani hasa kutafuta machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Machungwa yakaja kesho yake, lakini wengine walikuwa wamekwisha kuzidiwa, wakafa papo hapo bandarini. Mwandishi wa shajara akailaumu hali ya hewa ya Malindi. Baada ya siku chache mabaharia waliosalia walikuwa wachache mno kuziendesha merikebu zote, hata wakaichoma moja, São Rafael, kusini mwa Mombasa.

Hebu tutafakari. Miili ya wale wagonjwa ilijua inachokitaka. Wakuu wao pia walikuwa wameona kwa macho yao. Hata hivyo iliwachukua Wazungu karne tatu kuyaandika katika kanuni yale ambayo macho yalikuwa yameyaona. Mwaka wa 1747 daktari wa merikebu, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao: wengine siki, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Siku ya sita machungwa yalikwisha, lakini mmoja wao alikuwa amerudi kazini na mwenzake akawa na nguvu za kuwauguza wengine. Lind alichapisha kitabu chake mwaka wa 1753. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliagiza maji ya limau yawe posho ya kawaida mwaka wa 1795. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati, na mabaharia walioteketea. Tena Lind huyo huyo alipendekeza maji ya matunda yachemshwe ili yakae muda mrefu, asijue kwamba kwa kuyachemsha aliiharibu dawa yenyewe.

Dawa hiyo ni vitamini C. Mbuzi hujitengenezea yake mwilini. Mwanadamu hawezi, hana budi aile. Mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937 kwa kazi iliyohusu vitamini hiyo, aliipata kwa wingi kutokana na pilipili nyekundu za mji wa Szeged, si machungwa. Nalisema hili ili tusiitukuze chungwa kupita haki yake. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C. Pera letu, linalookotwa na watoto njiani bure, huwa na mara kadhaa ya kiasi hicho. Pera halikubahatika kupata wapiga debe.

Chungwa limebahatika mno, hata likaingia siasa. Wasomaji watakumbuka kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, ambapo waliokubali katiba iliyopendekezwa walipewa alama ya ndizi na waliokataa alama ya chungwa. Chungwa likashinda, na chama kikazaliwa kwa jina lake. Majuma yale, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, mwalimu aliyekula tunda lolote kati ya hayo mawili katika chumba cha walimu alilazimika kwanza kutoa maelezo. Lile la kwenye mabango, bila shaka, lilikuwa la rangi ya kitabuni.

Turudi shambani. Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja mkulima habari za bibi yule, alinionya nisije nikatoka katika kosa moja nikaingia la pili. Kuna kijani cha siha na kijani cha maradhi. Upo ugonjwa uitwao huanglongbing, jina la Kichina, ambao huenezwa na mdudu mdogo afyonzaye majani. Mti ulioupata hutoa machungwa madogo, yaliyopinda upande, yenye mbegu zilizonyauka. Kitako cha tunda hubaki kijani na maji yake huwa machungu. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa huo hupenda baridi, na ndiyo iliyoziharibu bustani nyingi za nyanda za juu, Pwani ikasalimika kwa sababu ya joto lake. Aina ya Asia haiogopi joto. Iligunduliwa katika jimbo la Florida mwaka wa 2005; jimbo hilo, ambalo msimu wa 2003/04 lilivuna zaidi ya masanduku milioni 240 ya machungwa, lilivuna chini ya milioni 20 msimu wa 2022/23. Mdudu aienezaye aina hiyo ya Asia amekwisha kuonekana Tanzania na Kenya katika miaka ya karibuni.

Mtoto wa mkulima anayejua kulitazama chungwa la kijani na kusema hili ni zima, hili ni gonjwa, ana elimu ambayo taifa linaihitaji. Mimi nilikuwa na mtoto wa namna hiyo katika dawati la tatu. Lile doa la manjano alilolitia upande mmoja halikuwa mchezo. Tunda hupata rangi zaidi upande linakopigwa na mwanga, na yeye alikuwa ameliona hilo kabla hajafikia umri wa miaka minane. Baada ya mkwaju wangu hakuchora tena kitu alichokiona. Alichora vilivyomo kitabuni, kwa unadhifu, nami nikaandika katika ripoti yake kwamba ameendelea vyema.

Nasikia mtaala wa siku hizi unawataka watoto wayachunguze mazingira yao. Ni jambo la heri. Hata hivyo nimepekua vitabu viwili vitatu vya wajukuu wangu, na chungwa lingali limepakwa rangi ile ile ya moto. Sina ugomvi na mchoraji. Machungwa ya rangi hiyo yapo, tena sasa yamejaa madukani, yakiletwa kutoka Misri na Afrika Kusini. Ombi langu kwa mwalimu mwenzangu ni dogo. Siku ya somo la rangi, alete chungwa darasani, alikate, watoto walionje, kisha ndipo awaambie wafungue kitabu.

Mwezi uliopita nilikuwa katika soko la Kongowea. Mama mmoja, mwenye mavazi ya ofisini, alisimama mbele ya mkokoteni uliojaa machungwa yaliyovushwa mpaka wa Lunga Lunga kutoka upande wa Tanga. Aligeuza moja, akaliminya, akalirudisha. "Haya mbona mabichi?" akauliza. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, akamjibu kwa adabu, "Yameiva, mama, onja." Yule mama akatikisa kichwa akaenda zake, akavuka barabara kuelekea dukani ambako machungwa ya kigeni yalikuwa yamepangwa kama taa. Kutokana na umri wake nilikadiria kwamba alikuwa darasa la pili katika miaka ile niliyokuwa nikifundisha, kama si kwangu basi kwa mwenzangu.

Nilinunua matano. Kijana akaniuliza kama anitilie mfukoni. Nikamwambia manne atie, la tano anikatie pale pale. Akalimenya, ganda likateremka refu bila kukatika, akakata kifuniko cha juu, nami nikasimama juani nikalifyonza hadi likaisha.